Namna ya kuskiza kanda za siri za marais wa Marekani wakigawa uwaziri, ukiwa zako Mombasa na bando la kawaida

Mambo haya yalianza barazani kwetu Mji wa Kale, zile siku ambazo nchi nzima inangoja mawaziri watajwe na kila mtu ana orodha yake mfukoni, huyu asema Pwani tutapata watatu, yule asema tutapata mmoja na huyo mmoja atapewa utalii kama kawaida. Usiku jamaa mmoja akaforwadi kwenye grupu sauti ya kama sekunde arobaini, eti ni rais wa Marekani wa zamani anamtukana waziri wake kwa simu halafu anamfuta, na chini ameandika "skizeni mambo ya wakubwa". Watu wakacheka, kila mtu akaongeza yake, kufika alfajiri sauti ni ile ile lakini ishakuwa ya marais wanne tofauti. Mimi niliuliza swali moja tu, hii ni kanda namba ngapi? Nikaambiwa naringa.

Wallahi siringi. Kanda za kweli zipo, za bure, masaa maelfu, na kila moja ina namba yake, tarehe, mahali na majina ya waliokuwepo. Nimekaa nazo miezi sasa, usiku wakati bando la bei rahisi linapofanya kazi, na makosa niliyofanya ni mengi, kwa hivo wacha nikuelezee unaanzia wapi usije ukapoteza wakati kama mimi.

Kwanza kwa nini ujisumbue. Wazee wetu wanakumbuka enzi za Moi, waziri yuko mezani na familia yake, taarifa ya habari ya saa saba mchana inasomwa redioni na jina lake halimo, bendera inatoka kwenye gari kabla wali haujaisha kwenye sahani. Siku hizi, tangu katiba ya 2010, mteule anakaa mbele ya wabunge na sisi twamuona laivu kwenye tivii akiulizwa ana mali kiasi gani. Lakini enzi zote mbili tunachoona ni mwisho wa mambo. Ile simu yenyewe, nani alipigiwa, nani aliomba siku moja ya kufikiria akanyimwa, hiyo hatujawahi kuiskia. Marekani marais kadhaa waliirekodi. Roosevelt alijaribu kidogo 1940, Kennedy akaweka mitambo 1962, lakini kwa habari za kugawa vyeo wewe shughulika na wawili tu, Lyndon Johnson na Richard Nixon, hao wengine waje baadaye.

Nani alibonyeza?

Hili ndilo nililochelewa kulielewa na ndilo kubwa kuliko yote. Kabla hujaskia neno hata moja, jua mashine ilikuwa ya aina gani na nani aliiwasha.

Johnson alikuwa akirekodi simu zake kwa Dictabelt, mkanda wa plastiki unaovishwa kwenye mashine kama mshipi, mmoja unachukua kama robo saa. Akitaka simu fulani irekodiwe alikuwa akimuonyesha sekretari ishara, anazungusha kidole hewani, basi mashine inawashwa. Yaani yeye anajua. Yule wa upande wa pili hajui. Hiyo ni kama kupiga picha ya watu wawili na mmoja peke yake ndiye aliyeambiwa achane nywele. Kwa hivo ukimskia Johnson anambembeleza mtu achukue cheo, anamsifu, anamtisha kidogo, anamtajia watoto wake, jiulize na hili, mbona simu hii alitaka ibakie?

Nixon ni kinyume. Mitambo yake iliwekwa Februari 1971 na walinzi wake wa Secret Service na ikawa inajiwasha yenyewe, rais akiwa chumbani na sauti ikiskika, kanda inazunguka. Kwenye ofisi ile ya umbo la yai kulikuwa na maikrofoni saba, tano zimefichwa kwenye meza yake na mbili upande wa dohani kwenye taa za ukutani. Ziliendelea hivo mpaka Julai 1973, pale Alexander Butterfield, aliyekuwa msaidizi wake Ikulu, alipoulizwa na kamati ya Seneti akasema ndiyo, kanda zipo. Jumla ni kama saa 3,700. Sasa mtu hawezi kuigiza saa 3,700, anasahau. Ndio maana kwa Nixon utapata kimya kirefu, vikombe vinagongwa mezani karibu na maikrofoni mpaka unashtuka, mtu anakohoa, rais anarudia jambo lile lile mara sita kama mtu anayetafuta usingizi. Na pia kumbuka waliojua walikuwa wachache sana. Haldeman, mkuu wa wafanyikazi wake, alijua. Kissinger, mshauri wake wa usalama wa taifa, hakujua. Ehrlichman, mshauri wake wa mambo ya ndani, hakujua. Ukiwaskia watatu hao chumba kimoja na rais wakimjadili waziri fulani abaki au aende, wawili wanasema ya moyoni na wawili wanajua kuna sikio kwenye meza, japo huenda saa hiyo wameshasahau.

Mimi nilianza kichwa chini miguu juu, nikamuamini Johnson kwa vile sauti yake ni safi na anaongea kama mzee wa mtaa, na Nixon nikamuona mnafiki kwa vile anajirudia na kujikanusha. Kumbe usafi wa sauti ni habari ya mashine, haihusiani na ukweli wa mtu.

Anza na shajara, sauti baadaye

Usiingie ukaandika "cabinet" kwenye kisanduku cha kutafutia. Utapata kila kitu na hutapata kitu. Anza na tukio ambalo tarehe yake unaijua, halafu nenda kwenye shajara ya siku ya rais, ile ambayo karani aliandika dakika kwa dakika nani aliingia, nani alitoka, nani alipiga simu. Za Nixon ziko nixonlibrary.gov, maktaba yake iko Yorba Linda, California. Za Johnson ziko discoverlbj.org, yake iko Austin, Texas. Ukipata saa na jina, ndipo unatafuta kanda.

Namba zenyewe ukizizoea zinasomeka kama namba za matatu. Ya Nixon ni namba ya kanda kisha namba ya mazungumzo, mfano 741-002 ni kanda ya 741, mazungumzo ya pili, na hiyo ndiyo ile maarufu ya 23 Juni 1972 ya kashfa ya Watergate, watu wa kampeni yake walivunja ofisi za chama pinzani naye akataka uchunguzi uzuiwe, iliyomuondoa madarakani. Ya Johnson inaanza na WH, halafu mwaka, halafu mwezi, kwa hivo ukiona WH6402 ujue ni Februari 1964, na tarakimu zinazofuata baada ya nukta ni kanda ya ngapi mwezi huo. Mtu akikuletea kipande cha sauti hakina namba ya aina hii mwambie akaitafute kwanza. Siku hizi sauti ya mtu yatengenezwa kwa simu ya elfu kumi, lakini kumtengenezea shajara, logi na namba inayoingiana na kanda ya kabla yake na ya baada yake, hiyo ni kazi.

Tahadhari ya saa, na hii yatuhusu sisi waswahili peke yetu. Ami yangu, ambaye nitamtaja sana hapa chini, alinisaidia kuandika orodha ya mazungumzo, shajara ikasema 10:00 asubuhi, yeye akaandika saa nne, vizuri. Siku ya pili akachoka, akanakili tarakimu kama ilivyo, akaandika "saa kumi", na mimi nikaenda kutafuta mkutano wa saa kumi jioni ambao haujawahi kutokea, usiku mzima. Amua moja, mimi naandika saa za kizungu za Washington kwa tarakimu nne, 1000, 1315, wala sibadilishi kuwa saa za Mombasa mana huko mbele wanabadilisha saa kwa msimu na utajichanganya.

Faili na bando

Hapa nitapita haraka. Skiza kwanza dakika mbili mtandaoni kuhakikisha ndiyo yenyewe, halafu idaunlodi, usiskize yote moja kwa moja mana utairudisha nyuma mara thelathini na kila kurudisha ni pesa. MP3 ya kilobiti 128 inakula kama MB 58 kwa saa moja, ya kilobiti 64 nusu yake. Wale wa Miller Center, Chuo Kikuu cha Virginia, wamechagua vipande vya marais hawa wakaviweka pamoja na maandishi yake, vizuri kwa kujifunzia, lakini vingine viko kama video na video inamaliza bando kwa picha ya rais aliyeganda. Chukua sauti tupu. Kama huna bando kabisa nenda saiba asubuhi mapema na flashi yako, kabla watoto wa shule hawajaja.

Faili ikishaingia ipe jina lako mwenyewe, tarehe mbele: 1973-04-30, kisha namba, kisha majina. Mimi nilikuwa na faili kumi na nne zinazoitwa "nixon mpya", "nixon mpya 2", "nixon mpya ya mwisho". Usicheke.

Sasa kuskiza

Hapa ndipo Ami anaingia. Ami alikuwa fundi redio, na enzi za kaseti alikuwa akirekodi taarab harusini, Kuze, Kibokoni, Majengo, anapewa kamba ya stima itoke dirishani kwa jirani, watoto wanapiga kelele, wanawake wanatuza, na asubuhi watu wanataka nakala. Masikio yake yamezoea kutoa ubeti kwenye makelele. Nilimletea laptopu na hedifoni, nkamwambia shikamoo Ami, kuna sauti hapa siielewi, dakika kumi sijapata sentensi nzima. Akaskiza kimya, akavua hedifoni akanambia, "Mwanangu, wewe wasikiza maneno. Mimi nasikiza chumba. Huyu yu karibu na meza, na yule mwengine yuwazunguka. Ngoja arudi."

Na kweli. Mtu anayetembea chumbani anaskika, anapotea, anaskika. Ukijua wapo wangapi na kila mmoja yuko wapi, maneno yanaanza kuja yenyewe. Kwa hivo pasi ya kwanza usiandike kitu, skiza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hesabu watu, tambua milango, tambua simu ikilia. Pasi ya pili ndio unaandika.

Kwa kompyuta, VLC yatosha kupunguza mwendo, weka 0.8, ukishuka zaidi ya hapo sauti inakuwa kama ya mlevi. Ukitaka kusafisha tumia Audacity, programu ya kuhariri sauti. Ule mvumo wa chini unaouskia ni stima, na Ami ndiye aliyenifungua macho hapo, kwetu stima ni hezi 50 lakini Marekani ni 60, kwa hivo ukiweka kichujio weka 60, mimi nilikuwa nimekata 50 nashangaa mbona mvumo uko pale pale. Kata na zile za chini ya 100 hivi. Halafu wacha. Ile programu ya kuondoa kelele inashawishi, unabonyeza mara moja, mbili, sauti inakuwa laini kama ya redioni, na zile s, t, k, p zishaliwa zote, na kwa kizungu neno zima linaweza kukaa kwenye t ya mwisho, "can" na "can't" ni waziri aliyepata na waziri aliyekosa.

Kanda za Nixon zitakusumbua kuliko za Johnson, walitumia mkanda mwembamba sana unaozunguka polepole sana ili uchukue masaa mengi, na mkanda ukienda polepole sauti inafifia, Ami alijua hilo bila kuambiwa. Zile za ofisi yake ya pili, jengo la jirani, ni mbaya zaidi. Anza na za simu. Simu huwa mdomo uko karibu.

Na jambo moja nakuomba, usimlishe mtu maneno. Ukimwita mwenzako ukamwambia "skiza hapa, si anasema amfute?" ataskia amfute, hata kama ni mlango unafungwa. Mpe hedifoni, mpe dakika na sekunde, nyamaza, aandike peke yake, halafu linganisheni. Mimi na Ami tukitofautiana twaandika "haisikiki" na sekunde zake. Mwanzoni nilikuwa naona ni aibu kuwa na haisikiki nyingi, sasa hivi nikiona maandishi ya kanda ya Nixon ambayo hayana hata moja, ndio naanza kumshuku mwandishi.

John yupi?

Barazani ukisema "Mohamed amekuja" utaulizwa Mohamed yupi, wa Sega, wa duka, au yule mrefu. Kwa Nixon ni hivo hivo na John. John Mitchell alikuwa mwanasheria mkuu. John Connally alikuwa waziri wa fedha. John Ehrlichman mshauri wa mambo ya ndani. John Dean wakili wa Ikulu. Wote wanaitwa John na rais hana haja ya kufafanua, anayeongea naye anajua. Mimi niliwahi kuandika kurasa mbili nzima nikidhani anayesifiwa ni Mitchell, kumbe ni Connally, ambaye Nixon alikuwa anampenda mno na alishatoka kwenye hazina mwaka 1972. Tiba yake ni kuweka pembeni orodha ya nani alikuwa na cheo gani mwezi huo, mwezi huo hasa, mana cheo cha Januari si cha Juni. Halafu majina ya utani, Caspar Weinberger ni "Cap", Haldeman ni "Bob".

Vyeo navyo vina mitego. Wao waziri wanamwita katibu, kwa hivo usije ukatafsiri ukamfanya waziri wa kazi kuwa karani. Na wizara wanazitaja kwa herufi, HEW ilikuwa afya, elimu na ustawi wa jamii zote pamoja, HUD ni nyumba na maendeleo ya miji.

Vilivyokatwa

Kwa kanda nyingi za Nixon hutapata maandishi kamili kutoka serikalini, utapata logi, karatasi inayosema dakika hii mpaka hii walizungumzia jambo hili. Humo utaona pia sehemu zilizoondolewa, imeandikwa kipande namba fulani, sababu ni usalama wa taifa au ni faragha ya mtu, na kimechukua sekunde ngapi. Wengi wanaruka hapo. Usiruke. Andika urefu na sababu, mana kilichofungwa huwa kinakaguliwa tena.

Mfano wenyewe ni wa kwetu kabisa. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuiingiza China ya Peking na kuitoa Taiwan, Marekani ikashindwa, na ujumbe wa Tanzania ukaamka ukacheza pale pale ukumbini. Balozi wao alikuwa Mzanzibari, Salim Ahmed Salim, kijana bado. Kesho yake Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California, akampigia Nixon akawaita wale wajumbe wa Afrika nyani na kuwakejeli kwamba hawajazoea viatu, na Nixon akacheka. Kanda ilipofunguliwa 2000 kipande hicho kilikuwa kimekatwa kwa sababu ya faragha ya Reagan, aliyekuwa bado hai. Alifariki 2004, ikakaguliwa tena, na 2019 ikatoka nzima. Nilimskizisha Ami. Hakusema kitu, aliuliza tu, "Salim wetu?" nkamwambia ndiyo, akataka irudishwe mara moja tena halafu akaenda kuswali.

Kufutwa ni jambo jingine na kukatwa. Ile kanda ya 20 Juni 1972 ina dakika kumi na nane na nusu za mvumo mtupu, hiyo mtu aliifuta kwa mashine na wataalamu waliona imefutwa si chini ya mara tano. Hapo logi haiwezi kukusaidia.

Za kuanzia

Mimi ningekwambia uanze na Johnson, 1 Februari 1964, akimpigia Sargent Shriver, shemeji yake marehemu Kennedy. Si uwaziri hasa, anampa uongozi wa vita dhidi ya umaskini, lakini kwa kujifunza namna cheo kinavyopewa hakuna somo kama hili. Inapigwa kama saa saba mchana kwa saa za huko, saa ile ile ya taarifa yetu ya Moi, na Johnson anamwambia kwamba anamtangaza mchana huo huo mbele ya waandishi. Shriver ndio kwanza amerudi safari, anaomba muda, anataka azungumze na watu wake wa Peace Corps kwanza, lile shirika la wanaojitolea analoliongoza. Skiza Johnson anavyompokea kila sababu na kuirudisha. Hesabu ni mara ngapi Shriver anasema kitu kinachofanana na ndiyo bila kusema ndiyo. Siku hiyo hiyo kuna simu nyengine baina yao, zipange kwa saa uziskize mfululizo, sauti ya Shriver inabadilika.

Ya pili, 7 Julai 1965, Johnson na Thurgood Marshall. Huyu Marshall ndiye yule wakili aliyekuja kuwasaidia wajumbe wetu Lancaster House, London, 1960 kwenye mambo ya haki za watu katika katiba ya Kenya, kwa hivo ni kama mtu wa nyumbani. Wakati wa simu hii ni jaji wa rufaa, kazi ya maisha, na Johnson anamtaka aiache akawe wakili wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu. Utaskia anavyosema wazi kwamba anataka mtu mweusi asimame pale. Miaka miwili baadaye, 1967, alimteua awe jaji wa mahakama hiyo hiyo, na ukijua hilo ni rahisi kuisoma ile simu ya kwanza kama ahadi. Usifanye haraka. Skiza alichosema siku ile tu.

Ukitaka uwaziri kamili mfuate Robert Weaver. Wizara ya HUD ilianzishwa kwa sheria Septemba 1965, kila mtu anamtazamia Weaver, na Johnson akaiacha bila waziri mpaka Januari 1966 ndipo akamtaja, waziri wa kwanza mweusi Marekani. Fungua simu za miezi hiyo katikati utafute jina lake. Ni zoezi zuri la kutumia shajara.

Kwa Nixon, Novemba 1972. Ameshinda majimbo 49, na kesho yake tu mawaziri wote wanaambiwa waandike barua za kujiuzulu. Yaani mtu bado ana sauti ya kukauka kwa kushangilia. Halafu akapanda Camp David, nako kulikuwa na maikrofoni, akaanza kupanga nani anaenda wapi. Ni nyingi, zinachosha, nami nimeziacha nusu.

Kisha ruka mpaka usiku wa 30 Aprili 1973. Jioni hiyo, kwa ile kashfa ya Watergate, ametangaza kwenye tivii kwamba Haldeman na Ehrlichman wameondoka, Dean ameondoka, mwanasheria mkuu Kleindienst ameondoka, Elliot Richardson anachukua nafasi. Baadaye anaongea na Haldeman kwa simu, yule yule aliyemwachisha kazi, ulimi mzito, usiku umeenda, na anahesabu mawaziri waliompigia kumpa pole. Mmoja tu, Cap Weinberger. Hapo usiandike kitu pasi ya kwanza wala ya pili. Simu hiyo ni safi, hutahitaji Audacity, weka hedifoni tu.

Sasa turudi kwa yule jamaa na sekunde zake arobaini. Nilikaa na Ami tukaiskiza hiyo sauti yake kama tunavyoskiza nyengine, tukatafuta chumba. Ami akavua hedifoni akasema, "Hapa hamna chumba. Huyu hayuko popote." Nikarudi kwenye grupu nikamuomba tena namba kwa adabu. Aliona, tiki zikawa bluu, kisha akatuma video ya papa aliyevuliwa Shimoni.